Basi la Bure la Kwenda Melini

Juzi mjukuu wangu alinipigia simu akiwa ndani ya basi dogo la hoteli, anapelekwa uwanja wa ndege bure. Alitaka kujua kama dereva wa gari la bure anapewa kitu au hapewi. Aliuliza haraka, maana walikuwa wanakaribia kufika. Nikamwambia, mjukuu wangu, umemuuliza mtu asiyefaa. Swali hilo liligawa usharika wetu mzima kule Kamachumu enzi za Mwingereza, na mpaka leo halijapata jibu. Nilikuwa bado naanza kueleza alipokata simu.

Basi namalizia hapa.

Enzi hizo kulikuwa na tajiri mmoja Bukoba mjini aliyeuza tiketi za meli. Aliona watu wa kule kwetu juu wananunua kwa mshindani wake, akatafuta basi, akalipaka rangi ya kijani, na ubavuni akaandika kwa herufi kubwa: BURE. Ukinunua tiketi kwake, au kwa wakala wake pale sokoni Kamachumu, basi lilikuchukua wewe na msindikizaji mmoja mpaka gatini bila kutoa hata senti.

Neno hilo liliwatia watu hofu kuliko kodi ya kichwa. Kodi unaijua: unalipa, unanuna, unarudi shambani. Lakini mtu akubebe wewe na sanduku lako mwendo wote ule, kisha usimpe kitu? Kwetu hata jirani akikuazima jembe halirudi peke yake.

Dereva mwenyewe alizidisha tatizo kwa tabia yake njema. Alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu, babu yake alitoka pwani, na kofia yake nyeupe haikuwahi kuonekana na doa. Kiswahili chake kilikuwa kitamu mno, hata sisi tuliojifunza Kiswahili darasani tuliona haya kumjibu. Hakuomba kitu kwa mtu yeyote. Lakini wiki ya kwanza mama mmoja wa kijiji cha Kishanda alimletea mkungu wa ndizi, naye, kwa adabu, akaupokea kwa mikono miwili. Wiki ya pili kila abiria alikuja na mkungu. Wiki ya tatu watu wakaanza kuangaliana mikungu.

Pakazuka desturi ambayo hakuna aliyeitunga. Mwenye mkungu mkubwa alikaa mbele. Dereva hakusema hivyo. Abiria walipangana wenyewe, kwa sababu ungekaaje mbele ya mtu aliyetoa zaidi yako? Niliwahi kuwaona wazee wawili wamesimama mlangoni, kila mmoja akimsihi mwenzake atangulie, kumbe kila mmoja anapima mkungu wa mwenzake kwa jicho. Na kila mkungu ulitolewa kwa salamu kamili: habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, na dereva akipokea amesimama, kofia kichwani, jasho linamtoka. Basi la saa tano liliondoka saa saba.

Baba yangu alikuwa mwinjilisti, na jambo hili lilimkera kuliko pombe. Jumapili moja alipanda mimbarani akalitolea hubiri.

"Neema hailipiwi," alisema. "Ukiambiwa bure, wewe ukaja na mkungu, unamwambia mtoaji kwamba humwamini. Hamuwezi kununua mbingu kwa ndizi, na basi hamlinunui kwa ndizi."

Jioni hiyo mama, akiwa anamenya ndizi, alijibu bila kuinua kichwa. "Mungu hana mke anayemsubiri nyumbani. Dereva anaye. Mkono mtupu haulambwi."

Baba alichukua Biblia yake akatoka nje.

Usharika uligawanyika. Walikuwepo watu wa neema na watu wa mkungu, na kanisani walianza kukaa mbalimbali. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa mkungu wa siku nyingi, alisimama wakati wa matangazo akauliza kwa upole: kama cha bure hakirudishiwi kitu, hii sadaka tunayokusanya ni ya nini? Baba akasema atajibu Jumapili ijayo. Jumapili ijayo alihubiri juu ya Nuhu.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na sikujali upande wowote, kwa sababu nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ukunga ng'ambo ya ziwa. Barua ilisema asiyefika Jumatatu nafasi yake atapewa mwingine, na meli ya kunifikisha kabla ya Jumatatu ilikuwa moja tu. Nyumbani nako kulikuwa na posa inayongoja nikose. Mgane mmoja mwenye baiskeli mbili alikwishazungumza na baba zangu wadogo, nao walizipenda sana zile baiskeli. Baba peke yake ndiye aliyesema, "Kwanza asome." Nikiikosa meli ile, hata yeye asingekuwa na la kusema tena.

Siku ya safari alivaa koti lake la Krismasi. Ndani ya mfuko alikuwa na karatasi aliyoandika sala ndefu ya kuniaga gatini, kurasa mbele na nyuma. Nilimsikia akiifanyia mazoezi kibanjani, shamba la nyuma ya nyumba, usiku uliotangulia, migomba ikiwa ndiyo wasikilizaji. Mama alinikumbatia, akamtazama baba mikono, akaona haina kitu, akaingia ndani.

Tulikaa benchi la nyuma kabisa. Ilikuwa lazima, sisi tukiwa watu pekee tusiotoa kitu. Baba alikaa wima kama mtu anayepigwa picha. Kichwani mwa basi, yaani juu ya paa, ilipangwa mikungu mpaka kamba zikaisha, na iliyobaki ikalazwa kati ya mabenchi, kwa hiyo magoti yetu yalikuwa karibu na masikio. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Tuliondoka saa nane.

Tulikwama kwenye kilima kimoja kabla ya Muhutwe. Udongo wa pale ukilowa ni sabuni. Basi lilipanda kidogo, likanguruma, likarudi nyuma taratibu mpaka pale lilipoanzia. Dereva akaomba radhi, akatuomba tushuke ili kupunguza uzito.

Tulishuka wote. Ndizi zilibaki.

Basi likajaribu tena, likarudi tena. Abiria walisimama kwenye matope wakitazama paa, kisha wakitazama miguu yao. Kila mtu alijua tatizo liko wapi, na hakuna aliyeweza kulitaja. Aliyetoa mkungu hawezi kusema mkungu wake ushushwe. Huko ni kumnyang'anya mtu zawadi. Na dereva hawezi kutupa zawadi mbele ya macho ya waliotoa. Mtu mmoja akasema labda tushushe masanduku.

Nasema kweli tupu: walishusha masanduku. Sanduku langu, lenye sare mbili na barua ya chuo, liliwekwa kwenye nyasi zilizolowa, na ndizi zikaendelea kukaa juu, kavu chini ya turubai. Basi lilifika nusu ya kilima, likateleza ubavu, likasimama mlalo. Hapo mwanamume mmoja mwenye busara akapendekeza kwamba abiria watembee kwa miguu mpaka Bukoba, basi lifuate polepole na ndizi. Na wako walioanza kukunja suruali.

Jua lilikuwa limekwenda sana. Meli ilikuwa inaondoka kabla ya giza. Nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kushikwa nayo tena, hata wakati wa kujifungua. Niliwachukia wote, wa neema na wa mkungu, na zaidi nilimchukia baba, aliyesimama pembeni na koti lake akionekana kama mtu ambaye hoja yake imethibitishwa.

"Tata!" nilimpigia baba kelele mbele za watu. "Nitaolewa na baiskeli kwa ajili ya ndizi hizi, na wewe umesimama!"

Msichana hakusema na baba yake namna hiyo. Watu waliguna. Baba hakunikemea. Alipangusa uso, akaenda kwa dereva, nami nikamfuata, maana sikuwa na heshima iliyobaki ya kulinda.

"Ndugu yangu," baba alisema kwa sauti ya chini, "hizi ndizi unazipenda kiasi gani?"

Dereva alitazama nyuma kwanza kuona nani anasikia. "Mwinjilisti, nitakueleza ukweli, unifichie. Kwangu tunakula wali. Mke wangu aligawia majirani, majirani wakachoka. Wakawapa mbuzi, mbuzi wakachoka. Juzi ameniapia nikirudi na mkungu mwingine nitalala nao nje."

"Sasa si uziache hapa?"

"Mbele ya wenyewe? Nitapita wapi tena Kamachumu? Labda mtu aniombe. Nikiombwa nitatoa kwa moyo mweupe, hakuna wa kunilaumu. Lakini nani ataomba alichotoa mwenyewe?"

Walitazamana. Mimi nilielewa kabla ya baba, na naamini dereva alielewa kabla yetu sote. Katika basi zima, ukiniacha mimi msichana, alikuwepo mtu mmoja tu ambaye hakutoa kitu, kwa hiyo mtu mmoja tu ambaye angeweza kuomba. Na mtu huyo ndiye aliyekuwa amewaambia watu mimbarani kwamba kupeleka ndizi kwenye basi ni upungufu wa imani.

Baba alivua kofia. Alinyosha mikono miwili mbele, viganja juu, kama wafanyavyo maskini mlangoni, akapaza sauti yake ya kanisani ili wote wasikie.

"Waitu, ndugu yangu, naomba ndizi."

"Ngapi, Mwinjilisti?" aliuliza dereva.

"Zote."

Kisha yule mzee wa kanisa, aliyekuwa kasimama matopeni mpaka kwenye vifundo, akasema, "Hata neema ina kipimo!" Mtu akacheka, mwingine akatema mate. Mama wa Kishanda alishika kiuno akatangaza kwamba hajawahi kuona: mtu hakutoa hata kidole kimoja cha ndizi, na sasa anataka lori zima. Baba alibaki vile vile, mikono mbele, mvua ikimwingia shingoni.

"Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri," alisema dereva, na sijawahi kumwona mtu akitoa kwa furaha kama ile. Alipanda juu ya paa mwenyewe.

Mikungu ilishushwa, ikapangwa kando ya barabara ikawa kichuguu. Basi likasukumwa na wanaume wote, baba akiwa katikati, nyuma kabisa, na magurudumu yakammwagia tope kuanzia kwenye nywele mpaka kwenye koti la Krismasi. Safari hii lilipanda. Dereva hakuthubutu kusimama mpaka kileleni, akapiga honi, watu wakanyakua masanduku na kuanza kukimbia kulifuata.

Nilimvuta baba mkono. Hakusogea.

"Siwezi kuziacha," alisema. "Nimeziomba mbele za watu. Nikizitelekeza nimewatukana wote, yeye na wao."

"Na sala?"

Aliingiza mkono mfukoni akatoa karatasi. Ilikuwa uji. Aliitazama, akairudisha mfukoni.

"Nenda," alisema. "Kimbia, meli haisubiri."

Nilikimbia.

Yaliyompata baada ya hapo niliyasoma miezi kadhaa baadaye katika barua ya mama. Alikaa pale siku mbili akigawa ndizi kwa kila aliyepita. Lakini wapita njia nao walikuwa watu wa kwetu, hawakuweza kupokea kwa mikono mitupu. Mmoja akamwachia kuku, mwingine kahawa ya kutafuna, mwingine mkeka, na bibi mmoja, kwa kukosa kingine, akamwachia mkungu wa ndizi. Alirudi nyumbani amebeba mizigo mingi kuliko aliyokwenda nayo. Mama aliandika kwamba yeye mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini, na kwamba juu ya basi la bure baba hahubiri tena, wala haulizwi.

Siku ile sikuyajua hayo. Nilikaa benchi la mbele kabisa, karibu na dereva, kwa sababu hakuna aliyekuwa na mkungu wa kumweka mbele yangu, na hakuna aliyetaka kukaa na mtoto wa mwombaji. Basi jepesi lilikwenda mbio. Tulifika gatini king'ora cha kwanza kikilia. Dereva alinishushia sanduku mwenyewe, nikamshukuru kwa mikono miwili na kwa magoti, kama nilivyofundishwa. Nilimshukuru mpagazi aliyelibeba mpaka kwenye ngazi. Nilimshukuru karani aliyegonga muhuri kwenye tiketi yangu, na baharia aliyenionyesha pa kukaa. Meli ilikuwa imekwisha achia gati, maji yanapanuka kati yetu na nchi kavu, ndipo nilipokumbuka kwamba baba sikumwambia hata asante.