Waziri Aliyekataa Kupanda Gari

Jumanne ile ilianza kama Jumanne nyingine zote za Skärholmen, kitongoji cha Stockholm, Uswidi. Nilimpikia Mzee Stelios kahawa yake ya Kigiriki, ile ya kuacha machicha chini ya kikombe, akalalamika kwamba nimeiacha ichemke mno. Nikamwambia labda wizarani walikuwepo wa kumpikia vizuri zaidi. Akacheka. Kwa miaka mitatu niliyomhudumia, hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu.

Uwaziri wenyewe haukuwa utani. Alianza kama wakili wa wafanyakazi wa bandarini kwao Ugiriki, akaingia bungeni, mpaka asubuhi moja wanajeshi waliotwaa nchi wakamfuata nyumbani akiwa bado na nguo za kulalia. Walimwamuru apande gari. Mkewe aliuliza kutoka roshani anapelekwa wapi, asijibiwe. Alifungwa kisiwani, akaachiwa, akaja uhamishoni hapa Stockholm, akawa anawasema wale wanajeshi redioni mpaka walipoanguka. Akarudi kwao, akawa waziri wa kazi, na akajiuzulu alipotakiwa kutia saini amri ya kuvunja mgomo. Uzeeni, akiwa mjane, alimfuata binti yake Eleni huku. Katika yote hayo, akili yake sasa ilikuwa imeng'ang'ania asubuhi ile tu.

Siku hiyo alikuwa anahamia nyumba ya wazee, Jakobsberg. Eleni alikwishatangulia na masanduku. Dereva alikuwa Salum, Mtanzania wa Tanga, mtu mpole sana. Tulipofika mlango wa chini mzee aliliona gari, akashika reli ya ngazi kwa mikono miwili.

"Dada Namuli," Salum akaniambia, "mwambie mzee apande gari, tumechelewa. Au nimbebe tu?"

Panda gari.

Kwa watu wa Tanga hayo ni maneno ya kawaida. Kwetu Buganda, nchini Uganda, miaka ya vita, ndiyo waliyotupigia kelele askari walipozingira mji. Jumamosi moja asubuhi kaka yangu Kizito alikuwa anapiga pasi shati la harusi ya rafiki yake, nami namenya ndizi. Tukayasikia. Wote tukatolewa mpaka uwanja wa shule.

Wanaume walipakiwa kwenye lori.

Kizito alipanda wa mwisho. Askari mmoja akamwangalia, akapunga mkono.

"Wewe, shuka! Lori imejaa!"

Kizito hakujua Kiswahili. Alijua "panda" tu, kama kila mtu mjini. Alidhani anaambiwa asogee. Akajibana ndani zaidi.

Mimi nilikijua. Nilikuwa nauza chai kwenye lango la kambi. Lakini kwetu msichana anayezungumza Kiswahili aliitwa mke wa askari, au sikio lao, na mama alinikanya nisikitamke mbele ya majirani. Majirani walikuwa wamesimama kushoto na kulia kwangu.

Nikanyamaza.

Askari akachoka kungoja, akafunga nyuma ya lori. Hatukumwona Kizito tena, wala hatukuambiwa walikompeleka. Mama alilikunja lile shati, akaliweka. Alikufa bila kujua kwamba nilielewa kilichosemwa.

"Usimbebe," nikamwambia Salum. "Nipe muda kidogo."

Nikakaa ngazini kando ya mzee, nikamweleza polepole kwa Kiswidi. Unakwenda Jakobsberg. Chumba chako kiko ghorofa ya tatu, dirishani unaona treni. Eleni yuko huko, anakutandikia kitanda. Nakusindikiza, na Ijumaa nitakuja tena.

Alinisikiliza kama waziri anayesomewa taarifa asiyoiamini.

"Na nikitaka kushuka?"

"Niambie, nami nitamwambia dereva."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa Kiswahili. Ndiyo lugha yetu, mimi na yeye."

Alifikiri. Kisha akataka nimfundishe neno lenyewe, aseme mwenyewe, asinitegemee mimi. Nikamwambia: shuka. Sikuwahi kumtamkia neno hilo mtu mwenye kulihitaji.

"Suka," akasema. Wagiriki hawana sh.

"Anataka kusukwa nywele?" Salum akauliza, akimtazama upara. Nilicheka huku machozi yananitoka, na Salum, asiyejua lolote, akaniuliza kama naumwa.

Mzee akaachia reli, akapanda mwenyewe.

Njia nzima alikuwa akilirudia kwa sauti ya chini. Tulipokaribia kituo cha treni alilisema kwa nguvu, kutujaribu. Salum akawasha taa ya pembeni, akasimamisha gari, akamfungulia mlango. Mzee akatazama nje, barabarani, kisha akanitazama mimi. Aliridhika. Akaufunga mlango mwenyewe na kumwashiria Salum aendelee.

Mimi niliinamisha kichwa. Ilikuwa rahisi namna ile. Neno moja, na gari linasimama.