Kiti cha Daktari wa Wilaya

Kila asubuhi karani wa afya wa wilaya yetu hufuta kiti cha daktari kwa kitambaa chekundu, mgongo kwanza, kisha mikono, ingawa daktari alihamishiwa Freetown mwaka juzi na wa kumrithi hatujamwona. Kitabu cha sheria amekifunga kwa kamba ya kiatu, na hukifungua kwa ncha ya kidole kama anayegusa kidonda. Jana nilikuwa pale nikingoja cheti cha chanjo, akaingia Yabom, muuza mihogo kutoka ng'ambo ya mto.

“Mzee, wanne wamekufa kwa kuhara! Kifungeni kile kisima.”

“Sheria inasema daktari ndiye afunge, dada. Mimi najaza fomu tu.”

“Basi itume hiyo fomu yako ikakizibe!”

Karani akajaza, kwa mwandiko mzuri mno. “Kisima kipi?”

“Cha msikitini.”

Kalamu ikasimama. Akalowesha kidole, akapekua kitabu hadi mwisho, akarudi mwanzo, akapekua tena. Kisha akaiweka fomu juu ya zile nyingine zinazomngoja daktari mezani, mbele ya kiti kitupu, akaikandamiza kwa jiwe.

“Mama yangu anateka hapo,” akasema.