Maji ya Tumbo Langu Yalinitetea

Wapendwa, mnaonijua hapa Noonkopir mnajua kazi yangu ni kuuzia watu ploti. Mnajua pia nilikuwa mlevi. Pombe niliiacha miaka minne iliyopita, kabisa.

Basi tumbo likaanza kufura. Mabroka wenzangu wakanipongeza: "Kitambi hicho! Umeuza ngapi?" Nami, mjinga mimi, nikalipapasa nikicheka. Kumbe mikono inakonda. Jioni homa inapanda, asubuhi naamka shuka limeloa jasho. Mwishowe sikuweza kuinama nifunge kiatu.

Jirani akamwambia mke wangu, Mama Wairimu, "Tumbo la maji ni la ini. Huyo amerudia chupa." Mke wangu akaanza kuninusa mdomo kila nikiingia. Siku moja akasema, "Baba Wairimu, nilisimama kanisani nikasema umebadilika. Umeniaibisha." Akafungasha nguo, aende na watoto kwao Nyeri. Hiyo iliniuma kuliko tumbo.

Nikaapa sijaonja hata tone, nikamsihi, "Nisindikize hospitali Kajiado kwanza. Wakisema ni pombe, nenda."

Daktari alinipiga picha ya tumbo, kisha akanidunga sindano ubavuni. Maji yakatoka, manjano kama mafuta ya kupika, akapeleka kidogo maabara. Nikajiuliza, maji nayo yatasema nini?

Siku ya majibu tuliingia wote wawili.

"Mzee, ini lako liko sawa," daktari akasema. "Maji ya ini bovu hayakuwangi hivi. Haya yamejaa protini na chembe za damu za kupigana na ugonjwa, na kuna kemikali ambayo TB hupandisha, iko juu sana. Tukiweka na ile picha ya tumbo, hii ni TB."

"TB? Na sikohoi!"

"Ya tumbo haingoji kikohozi."

Mama Wairimu akauliza polepole, "Na pombe?"

"Pombe gani?"

Jamani! Kiapo changu hakuna aliyekiamini, lakini maji ya kujaza kichupa yaliaminika. Mke wangu alijifunika uso na leso akalia, nami nikalia.

Nilimeza dawa miezi sita, yeye akinihesabia tembe. Mkojo uligeuka rangi ya chungwa nikaogopa, wakaniambia ni dawa tu. Tumbo likashuka.

Namshukuru Mungu, na yule wa maabara ambaye hata kwa sura simjui. Wewe ukifura tumbo, usipokee pongezi wala lawama. Nenda upimwe.

Mama Wairimu bado ananinusa mlangoni. Siku hizi anafanya hivyo akicheka.