Kigelegele cha Béatrice

Mtaa wote wa Kamenge unajua: harusi bila vigelegele vya Béatrice ni mkutano tu. Mama huyu wa Uvira, muuza ndagala, vile vidagaa vya ziwani, akipiga kimoja hata bibi arusi mwenye haya anacheka. Basi Lisette, bintiye wa pekee aliyebaki kwao ng'ambo ya ziwa, akapata mchumba. Tangu hapo Béatrice hakutamani kitu kingine ila kumpigia mwanawe vigelegele.

Kikaja kikohozi, homa na kichomi ubavuni kulia. Jirani yake Consolate, mwenye jibu la kila jambo, akamchungulia kooni.

"Ni kirimi hiyo, mama Lisette. Imerefuka. Bakukatie tu."

Mganga wa mtaani akamkata hicho kidakatonge, maskini, kisicho na kosa lolote! Kikohozi kikabaki palepale, na usaha ukapata muda wa kujaa kifuani. Ndivyo tulivyo: mwizi yumo chumbani, sisi tunampiga bawabu. Leo mtu akikohoa mbele ya meza yake ya ndagala, Béatrice humfukuza kwanza aende hospitali, ndipo amuuzie.

Yeye alifikishwa hospitali akihema. Daktari Darius akamgonga mgongoni kwa vidole: kushoto kulilia kama debe tupu, kulia kama debe lililojaa. Akapigwa picha, akachomwa sindano, nayo ikavuta usaha. Wakamwekea dawa mshipani na mpira ubavuni, ncha yake ikizama katika chupa ya maji.

"Dokta, harusi ni samedi. Mi ntaenda?"

"Apana, mama. Ukitoka sasa, usaha utarudi. Vuta pumzi, kohoa, pafu lifunguke."

Béatrice akageukia ukutani, akalia. Ziwa tu liliwatenganisha, na angelinywa lote kama lingepungua.

Jumamosi simu ikaita. Ngoma zilisikika, kisha zikakoma.

"Mama," Lisette akasema, "batu bote bananyamaza. Tunakungojea we."

Béatrice akashika ubavu, akavuta pumzi. Kikatoka kigelegele kifupi, chenye makwaruzo. Maji ya chupa yakacheza, usaha ukashuka. Muuguzi akaja mbio kumkanya, akaitazama chupa, akacheka.

"Endelea, mama! Dawa ni iyo!"

Ng'ambo wakaitikia kwa shangwe, kisha simu ikakatika. Béatrice hakunyamaza. Aliendelea kumpigia mwanawe asiyemsikia tena, na kila kigelegele kilikuwa kirefu kuliko kilichotangulia.