Roboti wa Kinyamaseke

Kukodi kanda ile ya katuni za angani kulitugharimu jogoo mmoja. Mwenye kanda alitaka wawili, mama akamwambia ahesabu upya. Tuliitazama mchana sebuleni kwetu Bwera, mji wa mpakani, chumba kikinuka kahawa iliyoanikwa. Picha ilijaa vidoa vyeupe, nami nikaamini theluji ya Rwenzori imefika sayari nyingine. Spika ilikoroma, lakini mtafsiri aliyeweka sauti yake juu ya filamu alimfanya roboti alie: "Mama, nimetembea toka Kinyamaseke, niko na njaa!"

Mama yangu akamjibu, "Ingia, mutoto, bugali iko!"

Juzi nilimletea nakala safi. Picha inang'aa, roboti anaongea Kiingereza. Mama, ambaye sasa anategemea masikio tu, akasema, "Huyu hatumujui. Lete yule wetu."

Nitamleta, hata kwa kuvuka mpaka. Wenye kanda za zamani, nishaurini: nianzie wapi?