Kamongo Aliyemmeza Yona

Juzi stendi ya Buzuruga niliona kitabu chenye picha ya kaka yangu Elikana, mchungaji na mwandishi, kavaa tai. Mimi niliishia darasa la nne, lakini ukurasa wa kwanza niliusoma wote, polepole. Anasema utotoni aliamini Yona alimezwa na kamongo wa ziwa letu, akatapikwa Sengerema.

Mwongo! Aliyeamini hivyo ni mimi.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba bado inanuka udongo mbichi. Asubuhi, tukianika dagaa juu ya jiwe, nilimsimulia Elikana habari hiyo, akacheka mpaka akakaa chini. Mama alikuwa hapo hapo, anasikia.

Mchana akaja mwinjilisti Zakaria, anatafuta mtoto wa kusomeshwa na kanisa. Nilipiga magoti kumnawisha mikono, na kwetu msichana akimnawisha mgeni haongei.

"Haya, nani ananisimulia habari za Yona?"

Elikana akamwaga yote, na kamongo wangu, na Sengerema yangu.

"Mama Elikana, huyu mtoto ana kipaji!"

"Ni Mungu tu, mwinjilisti," mama akajibu, akanikonyeza niendelee kumimina.

Nilimimina. Nilidhani akimaliza kunawa atanigeukia na mimi. Akakung'uta mikono, akauliza kama ugali umeiva.

Elikana aliiba, Zakaria hakuniuliza, mama alijua akanyamaza.

Pale stendi muuzaji wa vitabu akaniambia, "Mama, unachukua au unasoma bure?" Nikafungua ukurasa wa pili, na humo nimo: "Dada yangu alikuwa mtoto mkimya sana."