Kura ya Radi

Nilipokuwa mtoto kule Busunzu, kila radi ilikuwa na mwenyewe. Tuliambiwa haianguki hivihivi, inatumwa. Mpaka leo, mimi mwalimu mstaafu, mvua za kwanza zikianza kunguruma naondoka mlangoni.

Mwaka wa pili baada ya serikali kutuhamishia kwenye kijiji cha ujamaa, radi ilimuua Yohana, mtoto wa baba mkubwa, mlangoni kwao. Alikuwa na miaka saba, mimi tisa. Watu wakiwa bado wanalia, nikasema, kwa kutaka tu kusikilizwa, kwamba mvua ilipokuwa inakuja nilimwona Mama Anjelina amenyoosha mkono juu.

Mama Anjelina alikuwa jirani yetu, mjane aliyevuka mpaka kutoka Burundi na binti yake mdogo. Siku ile alikuwa akianua ungo wa maharage uliokuwa juu ya banda la kuku. Hilo nililiona pia, ila sikulisema. Tulipotoka kuzika, maneno yangu yalikuwa yameshaota mengine: alinyoosha mkono kuelekea kwa baba mkubwa, alitaja jina la mtoto, alikuwa uchi.

Kesho yake asubuhi mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano, akanisimamisha mbele ya watu.

"Wewe mtoto, ulimwona?"

"Nilimwona."

"Alinyoosha mkono?"

"Ndiyo."

Mama Anjelina akapaza sauti kwa Kirundi chake, kilichokaribia sana Kiha chetu: "Mwana wanje, mwanangu, waambie nilikuwa naanua maharage!"

Nikamtazama baba. Baba akatazama chini. Nikanyamaza.

"Hapa hatumwonei mtu," mwenyekiti akasema. "Wengi ndio wataamua. Anayesema huyu ni mchawi, mkono juu."

Mikono ikapanda. Wa baba ulikuwa wa mwisho, baada ya kutazama kulia na kushoto. Mwenyekiti alihesabu kwa makini, asimruke mtu.

Waliomvamia kwanza ni wanawake aliokuwa akipalilia nao. Zikaja fimbo, yakaja mawe, kisha baba mkubwa akaja na mchi. Wanaume wawili waliulaza mkono wa kulia wa yule mama juu ya jiwe la kusagia, naye baba mkubwa akaupiga mpaka nikasikia mfupa ukivunjika. Akaupiga tena. Nyumba ya Mama Anjelina ikachomwa moto, na binti yake alikuwa akipiga mayowe huku kila mtu akimpita. Alasiri mama na binti walionekana wakishika njia ya Mabamba, kuelekea mpakani, kwa miguu, mama ameuficha mkono ndani ya kanga iliyolowa damu. Hatukuwasikia tena.

Masika yaliyofuata radi ilimuua mke wa mwenyekiti shambani. Mkutano haukuitishwa. Mwenyekiti alisema ni mapenzi ya Mungu, nasi tukaitikia amina.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa mgonjwa kitandani, nilimuuliza kama aliamini.

"Hapana," alisema. "Hata mimi nilimwona akianua maharage."

"Sasa ukanyoosha mkono kwa nini?"

"Nilikuwa nimebaki peke yangu."

Nilitoka nje nikiwa na hasira naye, na hasira ile ilinikaa siku kadhaa. Kisha ikanigeukia. Wale wote waliulizwa wanafikiri nini. Aliyeulizwa ameona nini nilikuwa mimi peke yangu.